Msifunge chumba cha ubongo: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya tiba na wafadhili wa utafiti

Kwa wakuu wa vyuo vikuu vya tiba, wakurugenzi wa hospitali za kufundishia, na ninyi mnaogawa ruzuku za utafiti wa afya.

Waheshimiwa,

Mimi ni mtaalamu wa patholojia ya ubongo. Kazi yangu ni kupokea ubongo wa mtu aliyefariki baada ya miaka ya kusahau, kutetemeka au kunyong'onyea viungo, kuukata, kuusoma kwa hadubini na kusema ugonjwa ulikuwa upi. Nawaandikia kwa sababu kazi hii inakufa mikononi mwenu, na siamini kwamba mmekusudia iwe hivyo. Inakufa kwa maamuzi madogomadogo. Mtaalamu anastaafu na nafasi yake haijazwi. Fundi sanifu aliyezoea kukata vipande vyembamba vya ubongo anahamishiwa maabara nyingine. Ruzuku ya benki ya ubongo, yaani hazina ya ubongo uliotolewa kwa ajili ya utafiti, inaisha, na anayeomba iongezwe anaambiwa aonyeshe kuna jipya gani. Kila uamuzi una sababu zake, lakini nyuma ya karibu yote nasikia hoja moja: siku hizi tuna picha za PET, zinazoonyesha protini za ugonjwa ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, na vipimo vya damu, ya nini tena kufungua ubongo wa maiti?

Hoja hiyo nina heshima nayo, kwa hiyo nianze nayo.

Picha hizo zilipata wapi mamlaka yake? Dawa ya kwanza ya kung'arisha amiloidi, protini inayojikusanya kama mabaka kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, kwenye picha za PET iliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Kabla ya idhini hiyo, watu waliokuwa ukingoni mwa maisha walikubali kupigwa picha, wakakubali pia kwamba wakishafariki ubongo wao uchunguzwe, ili ijulikane kama kilichong'aa kwenye picha kilikuwemo kweli ndani ya kichwa. Bila wao, daktari angekuwa anatazama rangi tu kwenye kioo cha kompyuta. Vipimo vya damu vya tau, protini nyingine inayojikunja kuwa mafundo ndani ya seli za ubongo, navyo vilipitia njia hiyo ya kulinganishwa na ubongo uliofunguliwa. Kila kipimo kipya kitakachokuja kitahitaji kupita hapo, na ninyi ndio mnaopafunga.

Tena vipimo hivyo vinajibu lile tu vilivyoulizwa. Kipimo cha amiloidi kinaona amiloidi. Lakini mzee mwenye dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa akili, mara chache huwa na ugonjwa mmoja. Nikiweka vipande vyake chini ya hadubini naweza kukuta mabaka ya amiloidi, mafundo ya tau ndani ya seli, miili ya Lewy (madonge ya protini ndani ya seli za neva) kwenye shina la ubongo, na mishipa midogo ya damu iliyokakamaa, vyote kwa mtu ambaye faili lake lina neno moja tu: Alzheimer. Mwaka 2006 ilitambuliwa protini nyingine, TDP-43, ikiwa imejikusanya katika ubongo wa wagonjwa wa aina fulani za dimenshia na wa ule ugonjwa unaoua neva za misuli. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali likaupa jina ugonjwa wa wazee sana unaoletwa na protini hiyohiyo, LATE, ambao mtu akiwa hai hufanana mno na Alzheimer. Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachouthibitisha. Uligunduliwa kwenye meza ya uchunguzi wa maiti, na mpaka sasa unathibitishwa hapohapo. Ndivyo ilivyo pia kwa ugonjwa wa ubongo unaotokana na kupigwapigwa kichwa michezoni. Mwaka 2002 Dk. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliufungua mjini Pittsburgh ubongo wa mchezaji mstaafu wa mpira wa Kimarekani, Mike Webster. Kwa macho ulionekana wa kawaida. Angeishia hapo, hakuna ambaye angemlaumu. Aliagiza vipande vitiwe rangi maalumu za kuonyesha protini, na mafundo ya tau yakaonekana.

Kuhusu usahihi wa madaktari wa wagonjwa walio hai, upo utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliochukua watu waliohudumiwa katika vituo maalumu vya Alzheimer, si zahanati za kawaida. Kati ya watu ambao uchunguzi wa maiti ulionyesha wana Alzheimer hasa, madaktari walikuwa wamewatambua asilimia 71 hadi 87, kutegemea kigezo kilichotumika. Kati ya wale ambao hawakuwa nayo, waliotambuliwa kwamba hawana walikuwa asilimia 44 hadi 71 tu. Hao ni mabingwa, wenye vifaa na muda wa kumsikiliza mgonjwa. Siwalaumu hata kidogo; ubongo umefungiwa ndani ya fuvu na dalili za magonjwa haya zinaingiliana. Nataka mwone tu kwamba bila uchunguzi wa baada ya kifo hata asilimia hizo tusingezijua. Tungeendelea kuamini kwamba tumepatia.

Sasa fikirieni majaribio ya dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijaribiwa chanjo ya Alzheimer iliyoitwa AN1792, yenye lengo la kuufundisha mwili ushambulie amiloidi. Mwaka 2002 jaribio lilisitishwa kwa sababu asilimia 6 hivi ya waliochanjwa walivimba ubongo na utando wake. Kwa wengi habari iliishia hapo: chanjo imeshindwa, tusonge mbele. Lakini wapo waliokuwa wamekubali ubongo wao utunzwe. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa mgonjwa mmoja aliyechanjwa, na sehemu kubwa za gamba la ubongo wake zilikuwa hazina mabaka ambayo mtu wa ugonjwa ule alipaswa kuwa nayo. Chanjo ilikuwa imefanya kile hasa ilichotengenezewa. Kisha mwaka 2008 ikaja taarifa ya wagonjwa wanane waliochanjwa ambao ubongo wao ulichunguzwa. Saba kati yao walikufa katika hatua ya mwisho ya dimenshia, wakiwemo wale ambao mabaka yao yalikuwa karibu yameisha yote.

Someni tena sentensi hiyo. Mabaka yameondoka, na akili haikurudi. Hakuna picha iliyokuwapo wakati ule ambayo ingetueleza hivyo. Tangu siku hiyo kila anayetengeneza dawa ya kusafisha amiloidi analazimika kujiuliza atibu lini, na afanye nini kuhusu tau inayobaki. Leo tunazo dawa za kingamwili kama lecanemab, iliyopewa idhini kamili Marekani mwaka 2023. Hupunguza kwa kiasi kasi ya ugonjwa, na kwa baadhi ya wagonjwa husababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu. Wagonjwa hao watakuja kufariki, kwa uzee au kwa sababu nyingine, na kila mmoja wao atakuwa na jibu kichwani. Nani atalisoma, ikiwa hamfundishi wasomaji?

Upo mfano mwingine ambao hunisisimua kila ninapoufundisha. Miaka ya nyuma baadhi ya wagonjwa wa Parkinson walipandikizwa ndani ya ubongo seli changa za neva kutoka kwa vijusi, ili zitengeneze dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa viungo, badala ya zile zilizokufa. Baadhi yao walifariki baada ya miaka kati ya 11 na 16. Mwaka 2008 zikachapishwa taarifa kwamba baadhi ya zile seli changa, ambazo umri wake haukufika hata miaka ishirini, zilikuwa na miili ya Lewy ndani yake, dalili ileile aliyoieleza Friedrich Lewy mwaka 1912 kwa wagonjwa wa Parkinson. Seli za mtoto zilikuwa zimeugua ugonjwa wa mzee. Wazo kwamba protini iliyojikunja vibaya inaweza kusambaa kutoka seli moja kwenda nyingine lilipata nguvu kubwa kutokana na vipande hivyo vichache vya tishu, na leo maabara nyingi duniani zinatafuta namna ya kuizuia njiani. Waliouhifadhi ubongo huo hawakujua kwamba ungekuja kujibu swali hilo.

Labda wengi wenu hamjawahi kusimama kwenye chumba hiki, kwa hiyo niwaeleze kinachofanyika. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,300 au 1,400 hivi. Wa mtu aliyeugua kwa muda mrefu unaweza kupungua sana. Mara nyingi nusu moja hugandishwa haraka kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa ajili ya kemia na jeni, na nusu ya pili hukaa wiki kadhaa ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, mpaka iwe ngumu ya kukatika. Kisha tunaikata vipande vya unene wa sentimita moja hivi na kuvipanga mezani kwa utaratibu. Nikifika ubongo wa kati natafuta mstari mweusi, mahali seli zenye rangi zinapotengeneza dopamini. Kwa mtu asiye na ugonjwa mstari huo unaonekana bila hata miwani. Kwa mgonjwa wa Parkinson umefifia, mara nyingine haupo kabisa, na kila aliyepo mezani hunyamaza kidogo. Baada ya hapo ndipo kazi ndefu inapoanza: maeneo yanachaguliwa, yanakatwa kwa unene wa maikromita chache, yanatiwa rangi, na tunahesabu na kupanga hatua, kwa mfano hatua za tau walizozieleza Heiko na Eva Braak mwaka 1991. Ubongo mmoja unaweza kutoa vioo kadhaa vya hadubini, na kila kioo kinahitaji mtu aliyefundishwa kwa miaka. Mtu huyo hapatikani kwa tangazo la kazi la mwezi mmoja.

Na vioo hivyo havizeeki kama mnavyodhani. Auguste Deter, mgonjwa aliyemfanya Alois Alzheimer asimame mbele ya wenzake mjini Tübingen mwaka 1906, alifariki Aprili mwaka huohuo. Vioo vya ubongo wake vilipatikana tena München miaka ya 1990, vikatazamwa upya, na mabaka na mafundo yalikuwa palepale. Katika maabara ya Alzheimer mjini München alipita pia Solomon Carter Fuller, daktari mzaliwa wa Liberia, ambaye baadaye akiwa Marekani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuueleza ugonjwa huo kwa Kiingereza. Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge walionyesha umbo la nyuzi za tau karibu kufikia atomu moja moja, na nyuzi hizo hazikutengenezwa kwenye chupa. Zilitolewa kwenye ubongo wa mgonjwa aliyefariki. Tangu hapo imejulikana kwamba tau hujikunja kwa namna tofauti katika magonjwa tofauti. Mashine ile ni ya ajabu, lakini bila benki ya ubongo ingekuwa haina cha kutazama.

Kuna jambo ambalo nawaomba mlifikirie kama viongozi, si kama wahasibu. Mwaka 1990 Uingereza ilianzisha mjini Edinburgh kitengo cha kufuatilia ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa nadra wa binadamu unaoutoboa ubongo matundu na kuua, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa ubongo unaofanana nao uliotambuliwa mwaka 1986, na ilihofiwa kwamba nyama yao ingeuambukiza watu. Kwa miaka kadhaa kitengo hicho hakikuwa na habari ya kushtua. Mwaka 1996 kiliripoti wagonjwa kumi, wenye umri mdogo kuliko ilivyozoeleka, ambao ubongo wao ulikuwa na mabaka yaliyozungukwa na matundu kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana katika ugonjwa huo. Kumi tu. Ni mtu aliyeona ubongo mwingi wa kawaida ndiye anayeweza kutambua kumi wasio wa kawaida. Nchi iliyofuta nafasi zake za patholojia ya ubongo ingewazika wagonjwa hao kwa majina mengine, na watu wangeendelea kula nyama ile.

Hapa ndipo bajeti zenu zinaponisikitisha. Mnatoa ruzuku ya miaka mitatu, pengine mitano, kwa kazi ambayo hupimwa kwa umri wa binadamu. Utafiti wa masista wa Kikatoliki ulioanza Marekani mwaka 1986 uliandikisha masista 678 waliokubali kupimwa kumbukumbu kila mwaka na kutoa ubongo wao baada ya kifo. Mmoja wao alifika miaka 101, akifanya vizuri kwenye vipimo vya akili, na ubongo wake ukakutwa una mabaka na mafundo tele. Swali la nini kilichomlinda bado linatafutiwa majibu leo. Msingeweza kulipata swali hilo kwa ruzuku ya miaka mitatu, kwa sababu ndani ya miaka mitatu sista huyo angekuwa bado yu hai.

Halafu kuna kutunza. Mwaka 2012, katika benki moja kubwa ya ubongo Marekani, friza lilipoteza baridi, kipimajoto cha nje kikiendelea kuonyesha kwamba mambo ni sawa, na kengele za tahadhari hazikulia. Ubongo wa watu karibu 150 uliharibika, theluthi hivi ukiwa wa watu wenye usonji, ambao ni nadra mno kupatikana. Hiyo ilikuwa benki yenye jina na fedha. Mimi nimefanya kazi mahali ambapo ombi la friza la akiba lilirudishwa na maelezo kwamba si kipaumbele cha mwaka huu wa fedha. Ndani ya friza lililokuwapo kulikuwa na watu ambao familia zao zilitia saini zikilia.

Familia hizo ndizo zinazonikosesha usingizi. Wapo wanaoniambia kwamba watu hawatakubali kutoa ubongo wa mzazi wao. Nimekaa nao, na nasema si kweli, wakielezwa vizuri na mtu anayewaheshimu. Wanauliza kama uso utaharibika. Hautaharibika, kwa maana mkato unapita nyuma ya kichwa na nywele zinaufunika. Wanauliza kama mazishi yatachelewa. Yanachelewa pale tu tunapokosa mtu wa zamu, na hilo ni tatizo letu, si lao. Kisha wanauliza kitu ambacho hakuna fomu inayokitaja. Binti mmoja, aliyemuuguza mama yake tangu mama alipoanza kumwita kwa jina la dada yake marehemu, alinishika mkono akaniambia: "Daktari, mimi nataka kujua tu kama na mimi ninao." Jibu lake lilikuwa kwenye vioo. Liliandikwa kwa kuchelewa sana, kwa sababu aliyepaswa kuvisoma alikuwa mmoja kwa hospitali nzima. Katika aina fulani za dimenshia ya sehemu ya mbele ya ubongo, kinachoonekana kwenye hadubini ndicho kinachomwonyesha mtaalamu wa jeni aangalie wapi. Kuchelewa kwetu ni miaka ya mtu mwingine kuishi gizani.

Ridhaa nayo si karatasi. Nchini Uingereza, ripoti ya mwaka 2001 ilifichua kwamba viungo vya watoto vilihifadhiwa hospitalini bila wazazi kuambiwa, na mwaka 2004 ikatungwa sheria mpya ya tishu za binadamu. Uchungu ule ulikuwa wa haki kabisa. Baadhi ya wakuu walichukua somo baya kutokana nayo, kwamba salama yao ni kuacha kuomba. Familia haidhuriki kwa kuombwa kwa heshima. Inadhurika kwa kudanganywa, na vilevile kwa kutoa kisha isisikie lolote tena.

Tazameni pia nani hayumo kwenye mafriza yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ubongo uliohifadhiwa kwenye benki, kwa sehemu kubwa mno, ni wa watu wenye asili ya Ulaya. Tunajua kwamba jeni ya APOE4, inayoongeza hatari ya Alzheimer, haileti hatari ya kiwango kilekile kwa watu wa asili zote. Tunatumia kama kanuni ya binadamu wote kile tulichokisoma kwa sehemu ya binadamu, na dawa zinatengenezwa juu ya kanuni hiyo. Na hata kwenye benki tajiri kinakosekana ubongo wa mzee aliyekufa bila ugonjwa wa akili. Watu hudhani hatuuhitaji. Bila huo siwezi kusema uzee wa kawaida unaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Ondoeni benki za ubongo kwenye foleni ya ruzuku fupi na muziweke kwenye bajeti ya kudumu ya taasisi, pamoja na umeme wa akiba, friza la akiba, na mtu anayelipwa kupokea simu ya kengele usiku. Mtaalamu wa patholojia ya ubongo anapokaribia kustaafu, mrithi wake aajiriwe kabla hajaondoka ili wafanye kazi pamoja, maana jicho hili hufundishwa bega kwa bega. Kwenye kupandisha vyeo, mhesabieni mhadhiri aliyejenga mkusanyiko wa tishu uliotumiwa na maabara nyingine kama mnavyomhesabia aliyeandika makala. Sasa hivi anayetunza anabaki mhadhiri na anayetumia anakuwa profesa. Mafundi sanifu wapewe ngazi ya mshahara inayowafanya wabaki. Wafadhili wa majaribio ya dawa za ubongo walazimishwe kutenga, tangu siku ya kwanza, fedha za kuwachunguza washiriki walioridhia watakapofariki, hata kama kifo kitatokea miaka kumi baada ya jaribio kufungwa. Na kila familia iliyotoa ubongo ipate ripoti kwa lugha inayoielewa, ndani ya muda uliotajwa kwenye fomu, pamoja na mtu wa kumpigia simu ikiwa haikuelewa.

Mnajadili bajeti ya mwaka ujao wakati huu. Kabla hamjapitisha chochote kinachogusa patholojia, nawaomba jambo moja la vitendo: njooni mkae nasi asubuhi moja ya kukata ubongo, kisha mwende kwenye friza mkasome orodha ya waliomo na tarehe walizotia saini. Baada ya hapo nitakuwa tayari kujibu swali lolote la gharama, kwa takwimu, mbele ya kikao mtakachokitaka.

Wenu katika kazi,
Mtaalamu wa patholojia ya ubongo na mwalimu wa madaktari